Naomba ushauri: stika ya Kiingereza kwenye bajaji ya mjomba

Habari zenu wakuu. Mjomba wangu kanunua bajaji, anapakia abiria pale Mbagala Rangi Tatu. Kioo cha nyuma kabandikiwa stika kubwa ya njano: DON'T FEAR GOD IS HERE. Alitaka kusema "Usiogope, Mungu yupo". Mkato haupo, kwa hiyo anayeisoma haraka anaanza na "Usimwogope Mungu". Na mjomba ni mzee wa kanisa! Juzi wanafunzi wawili waliipiga picha huku wakicheka, yeye akawapungia mkono akidhani wameipenda. Iliniuma sana.

Nimewaza kukata kipande cheusi cha stika nibandike mkato baada ya FEAR, ila herufi zimebanana mno. Je, mafuta ya taa yatatoa gundi bila kuharibu mpira wa kioo?

Kubwa zaidi, namwambiaje mtu aliyenilea bila kumvunjia heshima? Natamani tumwandikie Kiswahili. Khanga zetu zina maneno ya Kiswahili miaka yote na hakuna anayeyaona ya kishamba. Ila yeye anaamini Kiingereza ndicho kinavuta abiria. Waliowahi kuongea na wazee kwenye jambo kama hili, mlianzia wapi?