Mazoezi kabla ya kubadilishiwa goti: kliniki, nyumbani, au tungoje?

Mzizima: Wanajukwaa, habari zenu. Mama yetu atabadilishiwa goti mwezi ujao, na daktari ameshauri aanze mazoezi tiba mapema. Je, tumpeleke kliniki ya fiziotherapia, tumlipe mtaalamu aje nyumbani, au tungoje hadi baada ya upasuaji?

Fundi Viungo: Ndugu, hujaeleza umri wake, kama goti linanyooka, wala kama ana kisukari, na bila hayo nitakuwa napiga ramli. Kwa kawaida napendelea nyumbani, kwa sababu mtaalamu huona ngazi, kitanda na choo atakavyovitumia mgonjwa akiruhusiwa, na humzoesha fremu ya kutembelea kabla maumivu ya kidonda hayajaanza.

Binti wa Tanga: Kliniki, bila shaka. Baba yangu aliletewa kijana ambaye siku ya kwanza tu alimkunja goti kwa nguvu hadi likavimba, na siku zilizofuata akawa anahesabu huku anachezea simu. Mzee akayaogopa mazoezi, siku ya upasuaji ikafika paja limenywea, na baadaye kila alipoambiwa akaze misuli ya paja, alikuwa anainua kiuno badala yake.

Mlinganifu: Kwani upasuaji ni lazima? Katika utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 uliohusu wagonjwa 100, kati ya 50 waliopangiwa tiba isiyo ya upasuaji, mazoezi yakiwemo, ni 13 tu waliopasuliwa ndani ya mwaka mmoja.

Fundi Viungo: Malizia habari yenyewe: waliopangiwa upasuaji pamoja na tiba hiyo hiyo walipata nafuu kubwa zaidi, ingawa madhara makubwa pia yalikuwa mengi zaidi upande wao.

Mzizima: Samahani kwa kuchelewa. Ana miaka 71, ana kisukari, na goti halinyooki kabisa. Choo chetu ni cha kuchuchumaa.

Binti wa Tanga: Basi tafuteni kwanza kiti cha choo kilichoinuka, kwa kuwa kuchuchumaa hakutamfaa.

Fundi Viungo: Naunga mkono. Je, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinasemaje? Sukari ikiwa juu, kidonda huwa katika hatari zaidi ya kupata maambukizi, na huenda daktari akaahirisha.

Mzizima: Kipimo hicho hatujafanya. Kuhusu kliniki, iliyo karibu nasi iko ghorofa ya pili, na lifti yake ni mbovu.