Mwekezaji anataka maji ya kisima cha mtaa wetu kwa miaka 20, tusaini? (Dodoma)

Kisima_Chetu

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa wanaojua mambo ya maji, ardhi na mikataba.

Niko kwenye kamati ya maji ya mtaa mmoja pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande wa barabara ya Singida. Jina la mtaa naliweka pembeni. Zamani hapa palikuwa kijiji, tunalima uwele, alizeti na zabibu. Serikali ilipohamia Dodoma, halafu ikaja barabara ya mzunguko wa nje, mashamba yakapimwa viwanja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179, na baadhi ya hao wapya wanajenga huku kwetu.

Bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, halijatufikia. Tunaishi kwa kisima kirefu kilichochimbwa tulipokuwa kijiji, tenki la lita 50,000 na vioski sita, ndoo ya lita 20 kwa shilingi 50. Kinaendeshwa na jumuiya ya watumia maji iliyosajiliwa.

Sasa kuna mwekezaji amenunua eneo jirani kabisa na kisima, anajenga nyumba 60 za kuuza. Ametuletea rasimu ya mkataba, kurasa tatu. Atatununulia pampu kubwa, ataweka sola, atajenga tenki la pili la lita 100,000 na kuchangia mfuko wa jumuiya. Sisi tumhakikishie "mahitaji yote ya maji ya mradi" kwa miaka 20, kwa bei ya leo, na bei isibadilike mpaka pande zote mbili zikubaliane.

Mkutano wa wananchi ni Jumamosi ijayo. Nusu ya kamati wanataka tusaini, na siwalaumu. Pampu imechoka, na ilipoharibika mara ya mwisho tulipita nyumba kwa nyumba kuchangisha. Ila mimi moyo unasita. Kila mwaka ikifika Oktoba na Novemba foleni ya ndoo inaanza saa kumi alfajiri, na hapo nyumba hizo 60 bado hazipo.

Tusaini? Tukatae? Au kuna njia ya katikati? Naomba kuwasilisha.

Chamwino_Halisi

Saini mkuu. Mkimkataa atachimba kisima chake mwenyewe mita mia mbili kutoka kwenu, avute maji yaleyale ya chini, na nyie mbaki na pampu mbovu na mfuko mtupu. Pesa ipo mezani, ichukueni. Bomba la mamlaka litafika siku moja na mambo yote hayo yatakwisha.

Fundi_wa_Visima

Mleta mada, kabla hatujafika kwenye mkataba tupe namba. Kisima kina kina gani, kilipimwa kinatoa lita ngapi kwa saa, kilipimwa mwezi gani, na mnahudumia watu wangapi? Na Novemba pampu inafanya kazi saa ngapi kabla maji hayajakatika?

Kisima_Chetu

Asante mkuu. Kina ni mita 110. Karatasi ya uchimbaji inasema lita 9,000 kwa saa, ilipimwa Machi. Watu wanaotegemea vioski ni kama 2,400. Masika tunasukuma saa 10 kwa siku bila shida. Novemba ikifika saa ya sita au ya saba maji yanakata, tunazima na kusubiri kisima kijae.

Fundi_wa_Visima

Basi jibu lako umeshaliandika mwenyewe, ngoja nilipigie hesabu.

Kiwango ambacho Sera ya Maji ya 2002 iliweka kwa vijijini ni lita 25 kwa mtu kwa siku. Watu 2,400 ni lita 60,000. Masika kisima kinatoa lita 9,000 mara saa 10, yaani 90,000. Mnabaki na ziada ya 30,000 na mwekezaji akija na karatasi yenu ya Machi anaona maji yapo tele. Novemba mnapata saa sita, lita 54,000. Hapo mmeshapungukiwa kabla hajafika. Nyumba 60, watu watano kila nyumba, vyoo vya kuvuta, mashine za kufulia, niweke lita 120 tu kwa mtu: lita 36,000 kwa siku. Sijahesabu bustani.

Pampu kubwa ni kama mrija mnene kwenye chupa ya soda, soda inabaki ileile. Itavuta haraka, kina kitashuka haraka, na mkizidisha mnaweza kuiunguza pampu yenyewe au kuanza kupandisha mchanga. Tenki la lita 100,000 nalo linahifadhi maji, halizalishi.

Jambo jingine ambalo watu wa Dodoma tunalisahau. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na maji mengi ya chini yamekaa kwenye nyufa za mwamba. Kule Makutupora, kwenye visima vya Mzakwe vinavyolisha mji, kina cha maji kimekuwa kikirekodiwa tangu miaka ya 1950. Watafiti waliochambua rekodi hizo walionyesha kwamba maji ya chini hayaongezeki sawasawa kila mwaka. Yanaongezeka sana kwenye misimu michache ya mvua kubwa mno, kama El Niño ya 1997/98, halafu yanashuka taratibu kwa miaka mpaka mvua kubwa nyingine ije. Kwa hiyo mtu akikuomba ahadi ya miaka 20 anakuomba umwahidi na mvua.

Ushauri wangu: kisima kipimwe upya, saa 24 mfululizo, Oktoba au Novemba, na mpimaji awe wenu, alipwe na mwekezaji. Ndipo mjue mna lita ngapi za kuuza. Inawezekana ikawa sifuri wakati wa kiangazi. Na Chamwino_Halisi hajakosea kuhusu kisima cha jirani. Visima viwili kwenye ufa mmoja vinanyang'anyana. Lakini hawezi kuleta mtambo na kuchimba tu, anahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde lenu, ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji. Pelekeni barua Bodi mapema, pamoja na namba zenu za Novemba, ili akiomba kibali wawe wanajua kwamba hapo jirani kuna kisima cha watu 2,400.

Mama_Nala

Mimi nauza maji kioski, si kwenu lakini ni palepale tu. Naomba mkutano huo usifanyike saa nne asubuhi. Saa nne wanawake tuko kwenye maji au sokoni, watakaokaa ni wanaume wenye baiskeli za kuchotea na wenye viwanja vya kuuza. Wekeni saa kumi jioni.

Na kwenye mkataba andikeni saa. Vioski vipate maji kwanza, kuanzia alfajiri mpaka saa tatu na tena jioni. Tenki lake lijazwe usiku kwa kinachobaki. Kisipobaki kitu, halijazwi, na yeye aagize boza kama tunavyoagiza wengine. Kama mpangilio haukuandikwa, mwenye bomba kubwa ndiye anayepata, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Wakili_Kanda_ya_Kati

Nimesoma uzi wote. Naongeza ya kisheria, na mleta mada nakuomba uyachukue kwa uzito.

Mosi, hamuwezi kuahidi "mahitaji yote". Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 maji ni mali ya umma, Rais ni mdhamini wake. Jumuiya yenu haimiliki yale maji, ina kibali cha kuyatumia, na kibali kina kiasi na kusudi. Kitafuteni leo. Kama kimeandikwa matumizi ya nyumbani ya kijiji, kwa kiasi fulani kwa siku, basi kuuza kwa jumla kwa mradi wa biashara ni jambo jingine, na Bodi ya Bonde lazima ihusishwe. Kama hamna kibali kabisa, anzeni hapo kabla ya mwekezaji.

Pili, nani anasaini? Jumuiya ya watumia maji ni chombo cha kisheria chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kuisainia, wala mwenyekiti wa kamati peke yake. Na kwa kuwa mmeshakuwa mtaa ndani ya Jiji, andikeni RUWASA (wakala wa maji vijijini) na DUWASA kwa pamoja, muulize kwa maandishi nani anawasimamia sasa na bomba la mamlaka limepangwa kufika lini. Mkisaini miaka 20 halafu mradi wenu ukachukuliwa na mamlaka baada ya miaka mitatu, deni la ahadi litakuwa la nani?

Tatu, na hili ndilo linaloumiza watu wengi: mwekezaji wa nyumba za kuuza anaondoka. Akishauza nyumba ya 60 kampuni inaweza kufungwa. Mtamdai nani ankara? Mtamdai nani sola ikiharibika? Mkataba useme pampu, sola na tenki ni mali ya jumuiya tangu siku ya kukabidhiwa, kuwe na mita moja kubwa kwenye lango lake inayosomwa na watu wenu, alipe amana, na wajibu wake uhamie kwa umoja wa wenye nyumba kwa maandishi. Muda uwe miaka mitano, bei ipitiwe kila mwaka. Hiyo bei ya leo isiyobadilika bila ridhaa yake ni ya kukataa moja kwa moja. Umeme ukipanda, mtakaofidia ni nyie wa ndoo.

Nne, kiwanja cha kisima ni cha nani?

Kitengela_Daima

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko Kitengela, Kaunti ya Kajiado, na ninachosoma hapa tumekipitia. Tulinunua nyumba kwa ahadi ya kisima. Aliyejenga alipomaliza kuuza, bili ya stima ya pampu ilibaki bila mwenyewe, tukaanza kununua maji ya boza. Kwa hiyo hata wale wanunuzi 60 watakaokuja ni watu wa kuhurumiwa. Mkataba mbovu utawagonganisha nyinyi na wao, na yeye hatakuwepo.

Hata Nairobi yenyewe hunywa maji ya bwawa la Ndakaini, Murang'a, na hadi leo watu wa Murang'a wanauliza wao wanapata nini. Bwawa likishajengwa, kuuliza ni kuomba. Nyinyi bado hamjasaini, ulizeni sasa.

Kisima_Chetu

Wakuu, mmenisaidia sana. Nimetoka ofisi ya ardhi leo kwa sababu ya lile swali la nne la Wakili. Kisima chetu kwenye mchoro wa mipango miji hakionekani. Eneo lote lile limepimwa kama viwanja vya makazi, na kisima kimeangukia kwenye kiwanja ambacho hakijamilikishwa mtu bado. Kibali cha maji kipo, kimeandikwa jina la kijiji ambacho hakipo tena. Nifanye nini kwanza?

Wakili_Kanda_ya_Kati

Kiwanja kwanza, kila kitu kingine kisubiri. Kesho asubuhi peleka barua kwa Mkurugenzi wa Jiji, idara ya ardhi na mipango miji, nakala kwa diwani na Bodi ya Bonde. Ombeni kiwanja kitengwe kwa huduma ya umma na kimilikishwe jumuiya. Ambatisha usajili, kibali, karatasi ya uchimbaji na picha. Ipokelewe kwa muhuri, nakala ibaki kwako. Wakati huohuo mwombe Bodi ibadilishe jina kwenye kibali. Jumamosi fanyeni mkutano, lakini ajenda iwe kupokea rasimu na kuijadili, si kusaini. Muhtasari usainiwe na mahudhurio yaambatishwe.

Chamwino_Halisi

Hapo kwenye kiwanja nimeshtuka. Narudisha kauli ya kusaini haraka. Ila msimfukuze huyo mtu, mleta mada. Mpeni barua ya heshima kwamba mnapima kisima kwanza kwa gharama yake. Akikubali kulipia upimaji, ni mtu wa kufanya naye kazi.

Mama_Nala

Mbona hakuna aliyeuliza kinyesi cha nyumba 60 kinakwenda wapi? Amenunua "jirani kabisa na kisima". Huko hakuna bomba la maji taka.

Fundi_wa_Visima

Mama umetushinda wote. Nyumba 60 bila mtandao wa maji taka ni mashimo 60, na kwenye mwamba wenye nyufa yanayotoka shimoni yanaweza kufika kisimani bila kuchujwa vya kutosha. Ya kuhofia ni vijidudu na naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi. Naitreti haina rangi wala harufu, kuchemsha hakuiondoi, na ni hatari kwa watoto wachanga wanaochanganyiwa maziwa kwa maji hayo. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita.

Mleta mada, chukueni sampuli ya maji sasa, kabla hajachimba msingi, mpeleke maabara ya maji mpate cheti chenye tarehe. Bila hicho hamtaweza kuthibitisha kwamba maji yalikuwa safi. Kisha kwenye mkataba: mfumo wake wa maji taka uwe wa pamoja, mashimo yasiyovuja, upande wa chini wa mteremko, na mchoro wake uonwe na Bodi ya Bonde kabla ya kujenga. Wala msisubiri mkataba kwa hili. Hata msipomuuzia tone moja, mashimo yatakuwepo.

Kisima_Chetu

Kiwanja chake kiko upande wa juu wa kisima. Barua ya Bodi naiandika usiku huu, na hili la maji taka naliweka la kwanza.