Naombeni ushauri: majina ya mwanzo wa filamu fupi yakaeje?

Mkata Picha
Wakuu, habari zenu. Nahariri filamu fupi ya dakika 18. Kijana anarithi meza ya kazi ya marehemu baba yake, fundi saa, na kwenye droo anakuta saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Kila moja imefungiwa kikaratasi chenye jina. Anaanza kuwatafuta.

Mwongozaji anataka majina ya waigizaji na watengenezaji yachukue dakika mbili za mwanzo, juu ya muziki wa kinanda. Namheshimu sana, ila dakika mbili kati ya 18 naona nyingi, na sitaki kumkatalia mikono mitupu. Naombeni mnitajie muvi ambayo majina yake ya mwanzo mnayapenda kuliko yote, na hasa mniambie yanafanya kazi gani pale. Halafu mnishauri na hii yangu.

Mzee wa Projekta
Mkuu, jambo hili huwezi kulizungumza ukamruka Saul Bass, mbunifu wa majina ya mwanzo wa filamu. Zamani majina yalihesabiwa kuwa ya kupoteza muda tu, kumbi nyingine zikiyaonyesha pazia likiwa bado limefungwa. Mwaka 1955 ilipotoka The Man with the Golden Arm, ambayo majina yake aliyabuni yeye, makopo ya filamu yalifika kwenye kumbi na maagizo kwamba pazia lifunguliwe kabla ya majina kuanza. Ukiyaona utaelewa. Skrini nyeusi, vipande vyeupe kama karatasi zilizokatwa kwa mkasi vinaingia kimoja kimoja, vinasukumana, jazi ya Elmer Bernstein inapiga, na mwishowe vinakuwa mkono uliopinda vibaya. Filamu inahusu mtu aliyetekwa na heroini. Hujaoneshwa sindano, hujaoneshwa uso, na tayari huna amani.

Kwa hiyo swali la kumpelekea mwongozaji ni hili: hizo dakika mbili zinamwachia mtazamaji hali gani moyoni? Akiwa na jibu, mpe. Akiwa hana, hata nusu dakika ni nyingi.

Bint Sinema
Kwangu mimi hakuna kama Se7en ya 1995, filamu ya kumsaka muuaji, ambayo majina yake ni kazi ya Kyle Cooper. Mikono ya mtu inashona madaftari kwa uzi, inakata picha, inakwangua ncha za vidole kwa wembe. Uso hatuuoni. Herufi zenyewe zimekwanguliwa kwa mkono na zinarukaruka kana kwamba filamu imekwama kwenye mashine. Muuaji anajitokeza hadharani filamu ikiwa imeshaenda mbali, lakini tangu mwanzo tumeshakaa mezani kwake tukimtazama akijiandaa. Yakitolewa majina yale, hadithi inapungukiwa. Hicho ndicho kipimo changu: yakiondoka, filamu inakosa kitu?

Kaka, wewe una meza ya fundi na una mikono. Kwa nini tusimwone baba akifanya kazi? Hatakuwepo tena kwenye filamu, hapo ndipo pekee tutakapokutana naye.

Sauti Kwanza
Wazo la Bint Sinema naliunga mkono, ila hicho kinanda kiondoeni.

Kaangalie mwanzo wa Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone, 1968. Wanaume watatu wanasubiri treni. Muziki hakuna. Kuna kinu cha upepo kinacholia kwa kukosa grisi, nzi anayetembea usoni mwa mmoja wao, matone ya maji yanayomdondokea mwingine kwenye kofia naye hasogei. Majina yanaingia polepole katikati ya kusubiri huko, na hauchoki, kwa sababu sikio lina kazi. Ni mwanzo mrefu kuliko huo unaoulalamikia wewe, ila kila sauti inakukaza kidogo zaidi.

Na wewe una saa! Rekodi saa moja kwa karibu, kisha ongeza ya pili isiyokwenda sawa nayo, kisha ya tatu. Jina la filamu likitokea, zote zinyamaze.

Jicho la Tatu
Mimi niko upande wa Mkata Picha. Mnamtajia majina yaliyobeba filamu, wapo pia walioumizwa na majina. Touch of Evil ya Orson Welles, 1958, inaanza na bomu linalowekwa kwenye buti la gari, na kamera inalifuata gari hilo kwa zaidi ya dakika tatu bila kukata. Studio ikayabandika majina juu ya picha hiyo, na muziki wa Henry Mancini. Jicho linasoma majina wakati lilipaswa kuhofia gari. Filamu ilipohaririwa upya mwaka 1998 kwa kufuata maelezo aliyoyaacha Welles, majina yalitolewa, na badala ya muziki ule zikasikika redio za magari na bendi za baa anazopita mtu. Tazama zote mbili mfululizo, utaona tofauti kubwa ajabu.

Funzo ninalolichukua: mtu hawezi kusoma na kuogopa kwa wakati mmoja. Baba akiwa anafanya jambo tunalotakiwa kulikumbuka baadaye, usiweke jina juu yake.

Wino Mweusi
Vipi vikaratasi? Majina ya waigizaji yaandikwe kwa mkono kwenye vikaratasi vya saa, kamera ipite juu yake. Hakuna haja ya kompyuta.

Bint Sinema
Wino, ni pazuri kwa macho lakini pana hatari. Vikaratasi ni majina ya wateja, na hadithi yote inasimama juu yake. Mtazamaji akiona jina la mwigizaji pale atadhani ni mwenye saa, halafu atamsubiri.

Wino Mweusi
Kweli, hilo sikuliona. Basi mwandiko uleule wa baba, lakini kwenye daftari lake au ubaoni pa meza. Vikaratasi viachwe kwa wateja.

Mkata Picha
Nashukuru sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nitamwonyesha mwongozaji Touch of Evil zote mbili kabla ya kumwambia lolote. Kisha nitampendekezea sekunde 50 za mikono ya baba, sauti za saa tu, mwandiko wake kwa majina. Kinanda tukihifadhi kwa mteja wa kwanza anayepatikana. Swali la mwisho: kila jina likae muda gani?

Mzee wa Projekta
Lisome kwa sauti mara mbili bila haraka, huo ndio muda wake. Na lijaribu kwenye simu, siyo kwenye skrini yako kubwa ya kuhariria tu. Mwandiko mwembamba wa kalamu hupotea kabisa kwenye kioo kidogo. Ukipotea, mwambie anayeandika atumie kalamu nene zaidi, usiukuze kwenye kompyuta.