Mlokole wa Ohio kuipigia kura Democrat, ni kuasi imani?

MamaNeema_Ohio

Habari zenu wapendwa. Naomba msinishambulie maana hili jambo linaniumiza kweli. Mimi na mume wangu tumeokoka, tuko Columbus huku Ohio mwaka wa kumi na moja sasa, uraia nimeapa mwaka jana na bado sijapiga kura hata moja. Kanisani kwetu tumechanganyika, Watanzania, Wakongo, Warundi, Wakenya kidogo. Juzi Jumapili mchungaji alisema pale madhabahuni kwamba mtu aliyeokoka akiipa kura Democrat, chama kinachotetea haki ya kutoa mimba, ana damu ya watoto mikononi. Watu wakapiga amina, mume wangu naye akapiga, mimi nikainama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Sasa mimi kazi yangu ni kulea wazee, shifti ya usiku, nawageuza nawaosha nawabadilisha, na wengi wa wale wazee wanalipiwa na Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mwanangu wa pili ana pumu, na kabla baba yake hajapata kazi yenye bima hata sisi tulikuwa huko huko kwenye Medicaid, ile pampu yake tulikuwa tunaipata bila kulipa. Kila nikisikia wanasiasa wanataka kupunguza hela za Medicaid roho inanishuka. Kutoa mimba siungi mkono, siwezi na sitaweza. Ila na wale wazee ni watu wa Mungu. Kwa hiyo niko katikati sielewi, mnaojua siasa za hapa nielimisheni taratibu.

Mpare wa Reynoldsburg

Pole dada yangu. Mi ni Mlutheri wa Same, hapa nina miaka 19, na ukitaka kuniweka kwenye fungu niite mliberali wa kiasi, manake naipa Democrat kura mara nyingi ila kuna mambo yao yananikera na nitayasema.

Naanza na hilo la madhabahuni. Watu wengi wanadhani kutenganisha dini na serikali ni kitu kililetwa na wasioamini, wakati ukisoma historia ya hapa waliokililia sana ni walokole wenyewe. Mwaka 1801 Wabaptisti wa Danbury kule Connecticut walimwandikia Rais Jefferson wakilalamika kwamba kuabudu kwao kunachukuliwa kama hisani ya wakubwa, sio haki yao, kwa sababu Connecticut ilikuwa na kanisa la serikali, la Congregational, na watu walitozwa kodi ya kulitunza. Jefferson akawajibu Januari 1802, na kwenye hilo jibu ndo lilitoka neno la ukuta kati ya kanisa na dola. Connecticut yenyewe ilishikilia kanisa lake hadi 1818. Kwa hiyo wale Wabaptisti walijua kabisa serikali ikichagua dini inaweza kuchagua ya jirani yako, na wewe ukaishia kulipia.

Kwenye mimba tuko pamoja, mi pia naamini ule ni uhai. Lakini kuna kuamini kitu ni dhambi na kuna kumpa polisi na hakimu kazi ya kukisimamia, haya ni maswali mawili. Juni 24, 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta Roe, uamuzi wake wa zamani uliolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, siku hiyo hiyo sheria ya Ohio ya kuzuia kutoa mimba kuanzia mapigo ya moyo, kama wiki ya sita hivi, ikaanza kufanya kazi, na haikuwa na nafasi hata kwa aliyebakwa. Ndani ya siku chache mtoto wa miaka 10, mtoto wa hapa Columbus, aliyebakwa ikabidi avushwe kwenda jimbo la Indiana kutolewa mimba. Miaka kumi dada. Mi nina binti wa umri huo na usiku ule sikulala. Novemba 2023 tukapiga kura, karibu asilimia 57 tukaweka haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo, na bado serikali inaruhusiwa kuweka zuio mimba ikishafikia hatua ambayo mtoto anaweza kuishi nje ya tumbo. Na hili ni jimbo lililompa Trump ushindi mara tatu, kwa hiyo huwezi kuniambia wote waliopiga ndiyo walikuwa hawaendi kanisani.

Halafu hiyo Medicaid inayokulisha wewe na kuwatunza wale wazee. Aliyeipanua hapa Ohio mwaka 2013 alikuwa gavana wa Republican, chama kinachopingana na Democrat, John Kasich, chama chake mwenyewe bungeni kikampinga, na alikuwa anawaambia waziwazi kwamba ukifika kwa Mtakatifu Petro hutaulizwa ulipunguza serikali kiasi gani, utaulizwa ulimfanyia nini maskini. Imani yake ndo ilimsukuma, ila alichokipitisha kinamtibu Mbaptisti na Mwislamu na asiye na dini sawasawa, na mi dini ndani ya siasa naitaka iwe hivyo.

Yanayonikera kwa Democrat sasa. Kudhibiti wahamiaji mpakani na Mexico walichelewa, miaka ile ya 2021 mpaka 2023 mambo yalizidi na waliokuwa wanasema hivyo wakaonekana wabaya, Rais Biden anakuja kubana Juni 2024 watu wameshachoka. Na wapo wanaozungumza na mtu wa dini kama vile ana ugonjwa. Ukimdharau mama anayesali, kesho kura yake usiifuate. Ila Februari ya mwaka huo huo wa 2024 Seneti ilikuwa na muswada wa mpaka wa vyama vyote, aliyeubeba upande wa Republican ni Seneta Lankford wa Oklahoma, mtu aliyewahi kuongoza kambi ya vijana ya Wabaptisti, na chama chake kikamwangusha mchana kweupe. Kwa hiyo usafi hauko upande mmoja.

SimbaWaYuda77

Mpare nakuheshimu ila hapa unamlainishia dada yetu. Unasema dhambi ni kitu kingine na sheria ni kitu kingine, sasa wizi je? Kuua je? Kila sheria ina maadili ndani yake, swali ni maadili ya nani. Na kama watu wa imani wangekaa nje ya siasa huku Marekani utumwa ungeisha lini? Martin Luther King alikuwa nani, si mchungaji wa Kibaptisti? Mbona yeye hamumwambii abaki na imani yake kanisani? Mtoto wa tumboni hana mtetezi, hana kura, hana watu wa kumsemea kwa wanasiasa kule Washington. Huyo wa miaka 10 inaniuma hata mimi, na naona sheria ilitakiwa imtazame, lakini huwezi kuchukua msiba mmoja ukafungua mlango wote. Maskini nao tuwasaidie sisi wenyewe, sadaka zetu, mikono yetu, sio serikali ikunyang'anye hela halafu iseme imependa jirani.

Mtoto wa Uvira

Samahani naingilia. Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, tumefika hapa Ohio 2017. Waliotupokea uwanja wa ndege ni watu wa kanisa, wametukuta na makoti na chakula cha moto, nyumba ilikuwa tayari na vitanda vimetandikwa. Baadaye ndo nikaelewa kwamba sehemu ya zile hela ilitoka serikalini, mashirika ya makanisa yanaingia mkataba na serikali na wao wanaongeza watu wa kujitolea. Kwa hiyo kaka Simba unaposema sadaka zetu zinatosha mimi nakataa kwa upole, maana nilikuwa naishi nao, wale wamama wa kanisa walitusaidia kupata fud stempu, ule msaada wa serikali wa chakula, na kadi ya Medicaid, wasingeweza kulipa hospitali ya baba yangu kwa sadaka. Januari 2025 programu ya wakimbizi ikasimamishwa kwa saini ya siku moja. Mdogo wangu na wanawe wanne walikuwa wamemaliza kila kitu, intavyuu, vipimo, wameshagawa vyombo vyao kambini. Bado wako pale pale mpaka leo. Na waliosimamisha nao wanasema ni Wakristo. Hapo mimi ndo nashindwa kulala.

Mpare wa Reynoldsburg

Uvira pole sana ndugu yangu, Mungu awashike wale watoto.

Simba, swali lako la King ni zuri na sitalikwepa. King alitoka na Biblia mkononi kweli, lakini alichodai kwa serikali ni kitu ambacho hata asiyeamini angekidai, mtu mweusi apige kura, akae kwenye basi kama wengine, apewe kazi. Matokeo yake ni sheria ya haki za raia ya 1964 na ya haki ya kupiga kura ya 1965, na ndani yake huwezi kukuta kifungu kinachomlazimisha mtu kuishi kama Mbaptisti. Na kwenye utumwa usisahau Southern Baptist Convention, muungano wa makanisa ya Kibaptisti ya kusini, ilizaliwa 1845 kwa sababu ya kutetea wenye watumwa, ikaja kuomba radhi 1995, miaka 150 baadaye. Biblia ilikuwa pande zote mbili. Ndo maana mi naogopa mtu akiniambia serikali ifuate Biblia tu basi, nauliza inayosomwa na nani.

Wizi na kuua, hayo hata baniani na asiye na dini wanakubaliana nayo. Mimba wanaopingana ni watu wa dini kwa watu wa dini, madaktari kwa madaktari. Pasipo na makubaliano hivyo mi namwachia mwanamke na daktari wake na Mungu wake, na nguvu ya serikali naipeleka kwenye kumsaidia asifike huko, bima, likizo ya uzazi yenye malipo ambayo nchi hii mpaka leo haina kwa ngazi ya taifa, na mshahara. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 tangu 2009, mama anayelea watoto wawili utamwambia nini?

AbuSwafiya

Asalaam aleikum, mimi ni wa Mombasa niko Minneapolis. Niwaongezee tu kutoka upande wetu. Nyinyi mnabishana ni Ukristo upi utawale, sisi huo ukuta wa Jefferson ndio umetufanya tukae. Keith Ellison wa hapa kwetu alipoingia Bunge la Marekani 2007 akiwa Mwislamu wa kwanza aliapa kwa Qurani iliyokuwa ya Jefferson mwenyewe. 2019 akaja Ilhan Omar, aliyekaa kambi ya wakimbizi huko kwetu Kenya, ikabidi wabadilishe kanuni ya miaka 181 ya kukataza kitu kichwani ili aingie na hijabu yake. Mimi na Ilhan sikubaliani naye mambo mengi, na kwenye mambo ya familia niko karibu na Simba kuliko Mpare. Lakini serikali ya kuniambia niswali vipi sitaki, hata ikiwa ya Waislamu wenzangu.

MamaNeema_Ohio

Asanteni sana, na Simba asante hujanitukana. Nimemsomea mume wangu post ya Uvira jana usiku kabla sijaenda kazini, hakusema kitu, ila asubuhi niliporudi akaniuliza kama mtu anaweza kuchagua gavana wa chama hiki na mbunge wa chama kile. Inawezekana? Na nikienda mapema naenda wapi?

Mpare wa Reynoldsburg

Inawezekana kabisa, kila nafasi unaijaza peke yake, hakuna anayekulazimisha chama kizima. Kupiga mapema kwa kaunti yetu ya Franklin ni bodi ya uchaguzi pale Morse Road. Bebeni leseni au kitambulisho chenye picha ambacho hakijaisha muda, tangu 2023 bila hicho wanakusumbua. Na kwa majaji wa Mahakama ya Juu ya Ohio siku hizi chama kinaandikwa pembeni ya jina, msiwaruke, kesi za katiba ya jimbo kama hii ya mimba mwisho wake ni kwao.