Zawadi za kumfundishia mbwa: upike mwenyewe au ununue za paketi?

Bandani_TZ: Wakuu habari zenu. Nina German Shepherd wa miezi minne namfundisha kukaa, kulala na kuja akiitwa, sasa zile biskuti za paketi bei imechangamka na zinaisha kabla hajaelewa chochote. Nikipika mwenyewe itafaa au namharibu tumbo?

Mzee wa Kamba: Maini mkuu. Chemsha maini ya ng'ombe bila chumvi wala viungo, katakata vidogo kama punje ya mahindi, halafu kausha kwa oveni moto mdogo mpaka yasinate mkononi. Biskuti ngumu mbwa anasimama kutafuna weee, akimaliza kashasahau alifanya nini, wakati zawadi ya mafunzo inatakiwa imezwe chap na umpe palepale tako likigusa chini.

omena_254: Mimi hapa Kisumu natumia omena (dagaa), ni rahisi na inanuka vizuri (kwa mbwa, sio kwa mfuko wa jaketi yako 😂). Osha mchanga wote utoke, kausha tena. Nikiwa nyumbani biskuti ya agrovet inatosha, lakini tukitoka barabarani kuna boda, mbuzi na watoto, hapo biskuti anaitazama tu.

mama Simba: Mnasifia za kupika ila joto la Dar mmelisahau, nyama mfukoni mchana kutwa ni balaa. Ya paketi inakaa. Ila nasoma nyuma kwanza, maana 2007 Marekani walirudisha vyakula kibao vya mbwa na paka sababu ya melamini (kemikali ya kutengenezea plastiki) na vilikuwa vya kiwandani hivyohivyo.

vet_mtaani: Zote sawa, tatizo ni kiasi. Zawadi zisizidi asilimia 10 ya chakula cha siku, ukizidisha punguza kwenye bakuli. Maini yasiwe mengi kila siku, vitamini A inajaa mwilini. Na msimpe nyama ya kwenye mchuzi wenu, vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwake, zabibu na chokoleti pia. Siagi ya karanga angalia isiwe na xylitol, kile kitamu cha badala ya sukari, nacho ni sumu kwa mbwa.

Bandani_TZ: Kumbe! Na maini nikipika kilo nzima nayahifadhije?

Mzee wa Kamba: Gawa kwenye vifuko, tupa friza, toa cha siku hiyo tu. Na mfunge mbwa kwanza wakati unapika, la sivyo hutamaliza.