Je, ni unafiki kuendelea kusali wakati moyo haushiriki?

Mtafuta Njia aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limenisumbua kwa muda sasa. Nimelelewa katika kusali, na maneno ya sala hayanipi shida hata kidogo. Pengine hilo ndilo tatizo lenyewe. Nikipiga magoti peke yangu, maneno hutoka kwa mpangilio ule ule: namshukuru Mungu kwa uzima, naomba rehema kwa dhambi nilizotenda kwa kujua na kwa kutokujua, nawataja wagonjwa na wasafiri, namalizia kwa jina la Yesu, na ninapoinuka siwezi kusema ni wapi hasa, katikati ya maneno hayo yote, nilipozungumza na Mungu. Wakati mwingine nasali kana kwamba kuna watu nyuma yangu wanaopima kama naomba vizuri, ingawa mlango umefungwa na hakuna mtu.

Je, kuendelea kusali katika hali hiyo si ule unafiki ambao Bwana aliukemea? Ingekuwa heri ninyamaze mpaka moyo urudi? Na je, niziache kwanza sala zilizoandikwa na kukaririwa, ikiwamo Sala ya Bwana, ili nijifunze kusema yaliyo yangu? Sitafuti kufarijiwa tu. Nataka kujua mtu huanzia wapi.

Msomaji Mkongwe alijibu:

Mpendwa, amani iwe nawe.

Tuanze na lile karipio lenyewe, kwa maana limekutia hofu kuliko linavyopaswa. Katika Mathayo 6:5 Bwana anawataja wanaopenda kusali wakiwa wamesimama katika masinagogi na pembe za njia ili waonekane na watu. Hasemi kwamba watu hao hawakuhisi kitu walipokuwa wakiomba. Huenda walihisi mengi sana. Kosa lao lilikuwa kwamba aliyelengwa na sala zao hakuwa Mungu. Vivyo hivyo, yule Farisayo wa Luka 18, aliyepanda hekaluni kusali pamoja na mtoza ushuru, hatuambiwi kwamba alisema uongo wowote: alifunga mara mbili kwa juma na alitoa zaka ya mapato yake yote, naye akayasema hayo. Ukiisoma sala yake tena utaona kwamba hakuomba chochote. Alimpa Mungu taarifa, akaenda zake. Mtoza ushuru alikuwa na sentensi moja tu, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," na sentensi hiyo ilimhusu yeye na ilimhusu Mungu.

Kwa hiyo nisingepima unyofu wa sala kwa joto la moyo. Ningeuliza mambo mawili: ninasema na nani, na je, ninachosema ndicho kilichopo? Ukiupima kwa kipimo hicho, moyo mkavu si kizuizi cha sala bali ni jambo la kwanza la kuombea. Ukinyamaza mpaka moyo urudi, utakuwa umemficha Mungu hali ile ile uliyopaswa kumwonyesha. Mwambie kwamba hujisikii kusali, kwamba hujui sababu, na kwamba umekuja hivyo hivyo. Baba wa yule mtoto katika Marko 9:24 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Bwana hakumrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza, alimponya mtoto.

Mfano wa Yona, nabii aliyetumwa Ninawi akakimbilia Tarshishi, nao unanigusa kila ninapousoma. Katika sura ya pili anaomba akiwa tumboni mwa samaki, na sala yake ni nzuri, imejaa lugha ya Zaburi. Katika sura ya nne anaomba tena, na safari hii amekasirika, anamlaumu Mungu kwa kuwa na huruma mno kwa Ninawi, na anaomba afe. Lakini hapo ndipo anapotaja waziwazi sababu ya kukimbilia Tarshishi, na hapo ndipo Mungu anapomjibu kwa swali na mazungumzo yanaanza. Sisemi kwamba sala ya kwanza ilikuwa ya uongo, wala sisemi kwamba hasira yake ilikuwa njema. Nasema tu kwamba Mungu alikaa na Yona mwenye hasira na kumhoji, na kitabu kinafungwa swali la Mungu likiwa halijajibiwa.

Sauti Nyikani alijibu:

Nakubaliana na Msomaji Mkongwe kuhusu Farisayo, ila kuhusu sala za kukariri ningekuwa mkali zaidi. Bwana alisema, "msipayuke-payuke, kama watu wa Mataifa," na mtu ambaye tayari anasumbuliwa na mazoea hawezi kuponywa kwa kuongezewa mazoea mengine. Ushauri wangu ni kwamba aziweke kando sala zote zilizoandikwa kwa kipindi fulani na aseme kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni machache na hayana mpangilio. Hana alipoomba mbele ya hekalu huko Shilo hakuwa na kitabu, na sala yake ilikuwa nje ya desturi kiasi kwamba kuhani Eli alidhani amelewa. Ndiyo sala iliyosikiwa.

Mama Katekista alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo.

Mwanangu Sauti Nyikani, mfano wa Hana ni mzuri, lakini nadhani umemjibu mtu mwingine. Muulizaji amesema wazi kwamba maneno yanayomponyoka ni yale anayoyaunda yeye mwenyewe akiwa peke yake: kushukuru kwa uzima, wagonjwa, wasafiri. Hakuna kitabu kilichomwandikia hayo. Kila mmoja wetu anayesali bila kitabu anayo liturujia yake, yaani utaratibu wake wa ibada, aliyoitunga bila kujua, na mara nyingi ni maskini kuliko ile aliyopewa na Kanisa. Tena mstari huo wa kupayuka-payuka uko katika Mathayo 6:7, na mistari miwili tu baadaye Bwana huyo huyo anawapa wanafunzi sala ya maneno maalumu. Luka anaeleza kwamba mmoja wao mwenyewe aliomba wafundishwe, kama Yohana alivyowafundisha wanafunzi wake. Na pale Gethsemane, usiku ambao hakuna atakayethubutu kusema moyo wake haukuwapo, Mathayo 26:44 inasema Yesu aliomba mara ya tatu akisema maneno yale yale. Kurudia si kupayuka.

Kwa muulizaji, ningependa kueleza namna mbili za zamani ambazo nimeziona zikiwasaidia watu, kwa sababu umeuliza mtu huanzia wapi.

Ya kwanza ni kwenda polepole ndani ya Sala ya Bwana. Mwaka 1535 Martin Luther, yule Mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, alimwandikia kinyozi wake, Peter, aliyekuwa amemwomba amweleze jinsi ya kusali. Mimi ni Mkatoliki, lakini ushauri huo nauheshimu. Alimwambia achukue kila ombi la Sala ya Bwana peke yake na kulifanya liwe sala yake: ukifika "Jina lako litukuzwe," usimame, uombe kuhusu hilo, utaje mahali ambapo jina hilo halitukuzwi, pamoja na katika maisha yako, kisha uende kwenye ombi linalofuata. Akaongeza kwamba ikiwa katika ombi moja moyo umepata mawazo mengi mema, basi maombi mengine yaachwe na mtu anyamaze asikilize, kwa sababu hapo Roho Mtakatifu mwenyewe anahubiri. Wala hakumficha kinyozi kwamba usikivu ni kazi: kinyozi mwema huangalia wembe na nywele, na akiacha mawazo yazurure atamkata mtu pua. Unaona kwamba maneno yanabaki yale yale, lakini huwezi tena kuyapita ukiwa umelala.

Ya pili ni Zaburi. Wengi wetu tunajua ya 23 na ya 91 tukaishia hapo, na hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya Zaburi ni malalamiko. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" ndivyo inavyoanza ya 13. Ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani bila neno la faraja, na bado imo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Mtu aliyezoea kusema mbele za Mungu mambo yanayofaa tu anahitaji kinywa chake kifundishwe upya, na hawezi kujifundisha mwenyewe. Anahitaji maneno ya mtu aliyethubutu kabla yake. Soma moja kwa sauti kila siku kwa mfuatano, usichague unayoipenda. Siku nyingine utasoma maneno ya furaha ukiwa na huzuni. Mwombee basi aliye na furaha, maana Zaburi si yako peke yako.

Kuhusu urefu, usijitese. Mtakatifu Augustino alimwandikia mjane wa Kirumi aitwaye Proba, yapata mwaka 412, kwamba ndugu wamonaki wa Misri walisemekana kusali mara nyingi lakini kwa sala fupi sana, zilizorushwa upesi, ili usikivu usipoe. Katika barua hiyo hiyo anasema kwamba hata tukitumia maneno gani mengine, tukiomba ipasavyo hatusemi lolote ambalo halimo tayari katika Sala ya Bwana. Wamonaki hao walipenda mstari wa Zaburi ya 70, unaomwomba Mungu aje upesi kuokoa na kusaidia. Mstari mmoja huo, ukisemwa katikati ya kazi, unatosha kwa siku ambayo huna kitu kingine.

Sauti Nyikani alijibu:

Shikamoo Mama. Nimekubali kwamba sikulisoma swali vizuri. Bado ningemshauri aanze na neno lake mwenyewe kabla ya kufungua Zaburi, hata kama ni kusema tu yuko katika hali gani, ili Zaburi isije ikawa maficho mapya.

Mama Katekista alijibu:

Marahaba, mwanangu. Hilo sina ugomvi nalo.

Mtafuta Njia alirudi:

Nawashukuru nyote. Nimeanza na Sala ya Bwana kwa namna aliyoieleza Mama, na nimegundua jambo ambalo sikulitarajia. Nikisimama katika kila ombi, yapo ambayo nafika na kuona kwamba siyataki. "Mapenzi yako yatimizwe" naweza kuisema bila shida mpaka nikumbuke jambo moja mahususi maishani mwangu. "Kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu" ni gumu zaidi, maana kuna mtu ambaye sijamsamehe na, kusema kweli, sijaamua kumsamehe. Nifanye nini hapo? Niliruke ombi hilo ili nisiseme uongo, au niliseme?

Mwombaji wa Alfajiri alijibu:

Mpendwa, nimesoma mjadala huu bila kuandika, lakini hapa nashindwa kukaa kimya, kwa sababu naona ndipo ulipoanza kusali.

Kwa kuwa Augustino ametajwa, yeye mwenyewe anasimulia kwamba katika ujana wake alimwomba Mungu ampe usafi na kiasi, lakini si sasa hivi. Watu huicheka sala hiyo. Mimi naona kwamba sehemu yake ya pili ndiyo iliyokuwa ya kweli: alikuwa anaogopa kwamba Mungu angemsikia upesi na kumponya ugonjwa ambao bado aliupenda. Wengi wetu tunaomba ile sehemu ya kwanza tu na kuificha ya pili, halafu tunashangaa kwa nini maombi yetu hayana uzito.

Usiliruke ombi. Ukiliruka, utakuwa umejitengenezea Sala ya Bwana ya kwako, iliyopunguzwa kufikia kimo chako. Lakini pia usiliseme kana kwamba umekwisha kusamehe. Liseme, kisha uongeze kilicho kweli: "Bwana, hili sijalifanya, wala sina hakika kwamba nataka kulifanya, nifanye nitake." Kutaka kutaka ni kidogo sana, lakini ni kweli, na nadhani wengi wa watakatifu walianzia hapo. Tena Bwana hakuliacha ombi hilo lipite hivi hivi. Mara tu baada ya sala, katika mistari ya 14 na 15, ni hilo moja tu analolirudia na kulieleza, kwamba tusipowasamehe watu, wala Baba hatatusamehe sisi. Nisingependa ulichukulie jepesi kwa sababu tu umelisema kwa unyofu. Kumwambia Mungu kweli kuhusu kinyongo ni mwanzo wa kukiacha. Mtu akiridhika na kuwa mkweli miaka nenda miaka rudi bila kupiga hatua, ukweli wake umegeuka kuwa kiburi cha namna nyingine.

Kama kosa alilokutendea mtu huyo ni zito, kusamehe hakumaanishi kurudi mikononi mwake au kusema kwamba hakukosa. Hilo linahitaji mtu wa kuzungumza naye ana kwa ana, mchungaji au padri unayemwamini, kuliko sisi tulio mbali.

Na kuhusu wale wasikilizaji uliosema unawahisi nyuma yako, jaribu kwa muda kumwombea kwa siri mtu ambaye hatajua kamwe, wala usimwambie mtu yeyote kwamba unafanya hivyo. Anaweza kuwa huyo huyo mdeni wako. Si lazima maneno yawe mengi. Taja jina lake, ukae kidogo, uende kazini. Siku utakayoshindwa hata hilo, Paulo anasema katika Warumi 8:26 kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Paulo amejihesabu yeye pia katika hilo "hatujui."

Mtafuta Njia alirudi:

Asante. Jina nimelitaja asubuhi hii, na sikuweza kuendelea zaidi ya hapo. Nitalitaja tena kesho.