Mrejesho: Fyuzi iliyokuwa inakata kila nikikunja kushoto

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini pikipiki yangu inaunguza fyuzi kila nikikunja kushoto, tangu nilipofunga spotilaiti mbili na chaji ya simu mwenyewe nyumbani. Aliyeniambia "toa tenki, angalia shingoni" (pale usukani unapoungana na fremu), Mungu akubariki sana.

Waya wa spotilaiti niliupitisha pale usukani unapogotea. Kila nikikunja, chuma kinaubana. Ganda lilichubuka kama sentimita moja, shaba iko nje, inagusa chesisi (fremu ya chuma), inapiga shoti na fyuzi inakata. Kosa langu kubwa ni kwamba nikisubiri majibu nilitoa fyuzi ya 10A (ampea 10) nikaweka ya 20A, inayopitisha umeme mwingi zaidi kabla ya kukata. Haikukata, ila waya ndio ulioungua: ganda limeyeyuka na kugandana na waya za taa kubwa, chini kabisa ya tenki la petroli. Bado naogopa nikikumbuka.

Nimeweka waya mpya, nikauacha na ulegevu wa kutosha. Taa mbili za wati 20 kwa volti 12 zinakula kama ampea 3.3, hivyo zina fyuzi yake ya 5A karibu na betri. Chaji sasa inawaka na funguo tu. Siku ya tatu leo, haijakata.